Neno Chini ya ITA PADRE

Mshumaa ulikuwa umezimika wenyewe, na nta yake ilikuwa bado ndefu kama kiganja.

Leokadia aliuona kabla hajamtazama marehemu. Alikuwa ameingia na beseni la maji, na nyuma yake Holo, mke wa mwanawe, amebeba kanga na sabuni. Walikuja kumwosha Bibi Skolastika, kama akina mama wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika walivyowaosha wafu wao wote tangu watu waliposhuka kuishi kwenye maduara, yale mashimo ya migodi. Juu kule jua lilikuwa limefika mahali pa kuua mbuzi kabla ya saa nne asubuhi. Huku chini palikuwa na ubaridi wa mwamba, alama za sululu za wachimbaji wa zamani ukutani, na hewa ya kupimiwa.

"Nani kauzima mshumaa?" aliuliza.

"Hakuna, Mama Yeremia." Aliyejibu alikuwa Katekista Lubango, mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, kitabu cha sala mapajani. "Nilimwita padre kwenye kibodi, tukapiga magoti wote hapohapo, tukaanza Litania ya Watakatifu. Tulipofumbua macho mshumaa umezimika, na Mama ameshakwenda. Wamekwenda pamoja. Hakumngoja hata padre."

"Amekufa vizuri, baba," Holo alisema. "Katikati ya sala. Wangapi wanapata hiyo?"

"Ndicho kinachonishikilia, mwanangu. Hicho tu."

Walipotoka wanaume, Leokadia alichukua kiberiti akauwasha tena ule mshumaa, maana haifai marehemu akae gizani. Moto ukashika, ukawa mdogo, wa buluu, ukalala upande, ukafa. Akawasha tena. Ukafa tena. Pale chini hakuna upepo. Hewa yote inatoka kwenye bomba moja juu ya kitanda, kila chumba na bomba lake. Akapanda kwenye kiti akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Pumzi yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto mchanga.

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Ilikuwa ndiyo sheria ya maduara, hata watoto waliijua: mtu akikata roho, kabla hata ya kulia, hewa ya chumba chake inapunguzwa ili iende kwa walio hai. Lazima mtu aandike PUNGUZA HEWA kwenye kibodi ya mlangoni. Ni neno gumu kuliandika, na kila familia ina mtu wake wa kuliandika.

Alimfuata mke wa Lubango kwenye kichochoro. "Ulipunguza hewa wewe?"

"Mimi?" Yule mama alijifuta kamasi kwa ncha ya kitenge. "Nilidhani baba watoto ameshapunguza. Tulikuta imeshapungua."

Baba watoto alikuwa amepiga magoti, macho amefumba.

Padre Kajetani alifika wakati wanamalizia kumvika Bibi nguo ya kanisani. Kitoroli kilikuwa kimemtoa duara la mbali, jasho linamchuruzika mpaka kwenye stola. Walimwamkia, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikia huku macho yake yako kwenye mshumaa.

"Na huyu pia?" alisema polepole. "Juzi kwa Jumuiya ya Anna nilikuta hivihivi. Mshumaa umelala, nta imebaki." Akatikisa kichwa. "Mnaniita mmechelewa, akina mama. Kila Kwaresima nasema. Mpako ni wa wagonjwa, si wa maiti. Niiteni mtu akiwa bado ana nguvu za kunigombeza."

"Nani atamwitia mama yake padre wakati anakunywa uji, Padre?" Holo alisema. "Si ataulizwa, unataka kunizika?"

Padre alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. Leokadia hakucheka. Alikuwa bado anautazama utambi.

*

Alibaki peke yake na marehemu, kama ilivyo desturi mpaka sanduku lije. Akasali tasbihi yote. Kisha akaenda mlangoni, akaifuta kibodi kwa kanga, akaandika MSAADA.

Zamani, ukiandika neno hilo, mtambo ulikutolea amri zake zote kwa mpangilio wa alfabeti, kuanzia AMSHA mpaka ZUIA, uzi mrefu wa maneno unaoteremka kwenye skrini. Watu waliuzoea mpaka siku moshi wa betri ulipoingia chumbani kwa Mzee Mayunga. Mkewe alisimama mlangoni akitafuta neno la kuondoa moshi. Hakujua linaanzia na herufi gani. Alisoma M yote, akasoma N, akasoma O, anakohoa na kusoma, nyuma yake mume anagonga kitanda kwa mkono. Alipofika VUTA MOSHI mkono ulikuwa umeshanyamaza.

Kwenye mkutano uliofuata ni Leokadia aliyesimama. "Jikoni kwangu," alisema, "sufuria haikai na sabuni eti kwa sababu zote zinaanza na S. Sufuria inakaa na mwiko. Vitu vya kazi moja vikae pamoja, ili mtu mwenye kiwewe akinyoosha mkono avikute." Watu walipiga makofi. Injinia Respisius, kijana wa Kihaya aliyeutunza mtambo, alipiga kuliko wote.

Ndivyo msaada ulivyopangwa upya. Moto peke yake, maji peke yake, milango, hewa, wagonjwa. Tangu hapo hakuna aliyekufa akitafuta neno. Mtoto wa darasa la pili aliwahi kuzima moto wa jikoni kabla mama yake hajatoka bafuni, na jumuiya nzima ilimpikia pilau.

Leokadia alisogeza skrini mpaka kwa wagonjwa.

WAGONJWA
POZA CHUMBA
LETA DAWA
ITA NDUGU
ITA PADRE
PUNGUZA HEWA
FUNGA CHUMBA

Alisoma mara ya pili kwa kidole. Walipopanga, yeye na akina mama wenzake, PUNGUZA HEWA waliiweka kwenye fungu la hewa, kati ya ONGEZA HEWA na SAFISHA HEWA. Alikumbuka vizuri, kwa sababu mmoja wao alisema neno hilo lisikae karibu na mgonjwa, ni uchuro. Akaenda kwenye fungu la hewa.

Halikuwepo. Lilikuwa limehama.

*

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nani amelihamisha lile neno?"

Respisius alikuwa amelala chini ya pampu, miguu tu ndiyo inaonekana. Alijivuta akatoka, mikono mieusi kwa grisi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akaenda kwenye mtambo mkubwa, akafungua kumbukumbu za jumuiya zote. Alisoma kwa muda. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Hakuna aliyelihamisha," alisema. "Ni mtambo wenyewe. Mama, si mnakumbuka niliwaambia sitakuwa nawapangia mimi kila siku? Niliufundisha utazame watu. Wanaandika nini, na baada yake wanaandika nini. Maneno yanayofuatana mara nyingi unayahesabu kuwa ni ndugu, unayakalisha pamoja. Ndiyo maana moto unazimwa haraka siku hizi. Umepangwa kwa mikono yenu wenyewe."

"Na sisi tukimwita padre..."

"Tukimwita padre, mtu ameshafika mlangoni. Anakata roho. Mnapunguza hewa. Kila mara, jumuiya zote, mwaka mzima. Mtambo haujui padre ni nani, Mama. Haujui kufa. Umeona neno hili, kisha neno lile. Ukasema haya ni kazi moja."

Leokadia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kukaa pamoja hakuui mtu. Nani aliandika? Lubango hakuandika. Mkewe hakuandika."

Respisius alichukua kitambaa akawa anafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Kuna kile kitu kingine nilichoongeza," alisema. "Ukishaandika neno la kwanza, mtambo unakuonyesha linalofuata kwenye fungu. Unabonyeza ndiyo au hapana."

"Najua. Tulikisifia."

"Usipojibu, unangoja. Kisha unalifanya wenyewe, hilo moja tu. Niliweka kwa ajili ya moshi. Mtu ameandika ITA MSAADA, amezirai, nani atabonyeza VUTA MOSHI? Nikasema mtambo umalizie."

"Unangoja kiasi gani?"

"Kidogo. Kama Salamu Maria tatu."

Pampu iliendelea kuguruma. Leokadia aliiona picha yote, chumba cha Bibi Skolastika, watu wamepiga magoti kichwa chini, Lubango anaita watakatifu mmoja mmoja, nao wanaitikia utuombee, utuombee, na mgongoni mwao skrini inauliza swali na hakuna wa kujibu.

"Litania," alisema, "ni ndefu kuliko Salamu Maria tatu."

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa anapumua yule bibi."

Kijana alijifunika uso kwa kile kitambaa cha grisi.

Walimwita Mwenyekiti Ngassa. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na kwa hiyo watu walimwogopa. Aliuliza kwanza kama neno linaweza kuondolewa kwa mkono. Respisius alisema anaweza kuliondoa leo, na kesho watu wakifanya walivyozoea mtambo utalirudisha. Kuzima ule utazamaji wenyewe, na ule umaliziaji, ni lazima Makao Makuu waruhusu, maana ndivyo maduara yote yanavyoendeshwa. Ameshawaandikia hivi punde. Wanajibu wanapojibu.

"Anachoweza mtu wa hapa ni kurudisha uzi wa alfabeti," alimalizia. "Huo naweza hata sasa."

"Na mjane wa Mayunga tumwambie nini?" Ngassa aliuliza. "Homa imeingia Jumuiya ya Yosefu na ya Anna. Watu wanaandika amri usiku na mchana. Urudishe uzi ule, utaua wengi kuliko hili."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Basi tuwaambie watu," Leokadia alisema. "Padre akiitwa, mmoja asipige magoti. Asimame kwenye skrini abonyeze hapana. Ni jambo dogo."

"Watauliza kwa nini."

"Tuwaambie kwa nini."

"Tumwambie Lubango?" Ngassa alimwinamia kidogo, kama anamwambia siri mgonjwa. "Mama Yeremia, wewe ndiwe utakayekwenda? Utamwambia, ulipopiga magoti kumwombea mama yako, ndipo ulipomnyima hewa? Utamwambia hivyo, halafu ukatae kunywa chai yake, uondoke? Na wale wa Anna? Yule baba alishika mkono wa mkewe mpaka mwisho."

Leokadia aliinuka kwenye ndoo.

"Injinia atakaa hapa kwenye mtambo mkubwa," Ngassa alisema. "Kila padre akiitwa, atazuia kwa mkono mpaka barua ijibiwe. Hakuna atakayekufa, hakuna atakayeumia. Kuna ubaya gani?"

Leokadia aliondoka hakusema ndiyo wala hapana. Ngassa aliuhesabu ukimya huo kuwa ndiyo, na kwa siku zilizofuata Leokadia mwenyewe naye aliuhesabu hivyo.

*

Holo alishikwa na homa akiwa anasuka ukili. Alisema ni uchovu. Kesho yake hakuamka. Yeremia, mumewe, alikuwa juu kwenye zamu ya kuziba nyufa, na zamu ikishapanda haishuki mpaka imalizike. Kwa hiyo alikuwa mama mkwe na mgonjwa wake, na ndoo ya maji, na kitambaa.

Lubango alikuja kumtazama. Aliingia na ule uso mpya aliokuwa nao tangu mazishi, uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele. Kaa, baba. Kuna uji."

"Huyu naye kalala? Holo, nani atatuongozea wimbo Jumapili?"

"Imba wewe," Holo alisema, macho yamefumba. "Watu wapate adhabu yao."

Lubango alicheka mpaka akapiga paja. Kisha akageuka kwa Leokadia, akashusha sauti. "Nimekuwa nikizunguka kwenye jumuiya, Mama Yeremia. Kwa Yosefu, kwa Anna, mpaka kule kwa Kizito. Nawasimulia jinsi Mama alivyokwenda. Nawaambia, mkishamwita padre msizubae kwenye vibodi wala kupiga soga. Pigeni magoti papo hapo, wote, hata mtoto. Mgonjwa aondoke juu ya sala kama juu ya kitanda. Wamepokea vizuri. Siku hizi wanafanya hivyo kote."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Kote?"

"Kote. Nimepata kazi katika msiba wangu. Mungu ana njia."

"Lubango, baba..."

"Naam, Mama."

Alimtazama. Alimjua tangu anapaka mavi ukutani. Alimwona siku ya kipaimara chake, siku ya ndoa yake, na siku anabeba sanduku la mama yake bila kuruhusu mtu amsaidie upande wa kichwa. Neno lilikuwa tayari mdomoni, limeshapata umbo. Aliusikia uzito wake kwenye ulimi.

"Kunywa uji," alisema. "Unapoa."

Alisali jioni ile muda mrefu kuliko kawaida, na sala ilikataa kupanda. Kila alipofika "utusamehe makosa yetu" aliuona uso wa Ngassa ukimwinamia kwa upole.

*

Habari ya Respisius aliipata kwenye foleni ya maji. Mama mmoja alisema injinia amekutwa ameanguka kando ya mtambo, anatetemeka kama jani, wamempeleka zahanati ya duara la pili.

"Na kwenye mtambo kakaa nani?" Leokadia aliuliza.

"Akae nani? Si unajiendesha?"

Aliacha ndoo palepale. Alipofika nyumbani alikuta chumba kimejaa. Holo alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, macho makubwa yanang'aa, na wanawake wa jumuiya wamemzunguka. Mshumaa ulikuwa umeshawashwa kwenye kigoda. Lubango alikuwa mlangoni, amevaa kanzu yake ya ibada.

"Mama," Holo alisema, "nimeomba padre."

"Hujafika huko, mwanangu. Homa inashuka."

"Ndiyo maana. Si mwenyewe anasema aitwe mtu akiwa anagombeza? Nimemgombeza huyu katekista tangu alipoingia. Mwulizeni."

"Ni kweli," Lubango alisema. "Amesema kanzu yangu inanuka mafuta ya taa."

Wanawake walicheka, na katika kicheko hicho Lubango aligeuka, akaandika ITA PADRE. Nje, kengele ya padre ikalia kwenye mabomba, na milango ya njia ya kitoroli ikasikika ikifunguka mmoja baada ya mwingine, ikienda mbali. Watu wote wakapiga magoti. Lubango naye. Magoti yake yaligonga mwamba kwa pamoja na yao, kama alivyowafundisha.

"Bwana, utuhurumie."

"Bwana, utuhurumie."

Leokadia hakupiga magoti. Alipita katikati ya migongo yao, akikanyaga pindo la kitenge cha mtu, akasimama mbele ya skrini.

INAYOFUATA: PUNGUZA HEWA
NDIYO   HAPANA

Chini ya maneno hayo palikuwa na mstari mweupe, na mstari ulikuwa unafupika.

"Mtakatifu Maria."

"Utuombee."

"Mama Yeremia," Lubango alinong'ona bila kugeuka, "piga magoti."

"Endelea kusali, baba."

"Mtakatifu Mikaeli." Waliitikia. "Mama, mgonjwa ni wako. Piga magoti umwombee."

Angeweza kubonyeza hapana wakati ule, kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Angebonyeza, maneno yangefutika, angepiga magoti, na hakuna ambaye angejua kitu. Holo angepona au angekufa kwa saa yake. Lubango angeendelea kuzunguka kwenye jumuiya akiwa na uso wake wa usingizi mzuri. Mstari ulifika nusu. Kwenye kigoda, moto wa mshumaa ulikuwa mrefu na wa manjano.

"Lubango," alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumwita mtu mezani. "Inuka uje usome hapa."

Litania ilikatika. Hakuna aliyewahi kuisikia ikikatika, na wanawake walifumbua macho kwa hofu. Lubango aliinuka polepole, mkono mmoja kwenye goti, na hasira kidogo usoni. Alikuja akasimama kando yake. Alisoma.

Alisoma, kisha akatazama mstari unavyofupika. Kisha akageuza kichwa akautazama mshumaa. Leokadia aliona yale mambo matatu yakikutana ndani ya uso wake, na hakuwa na la kufanya isipokuwa kubaki pale asimkimbie.

"Nani ameandika hili?" Lubango aliuliza.

"Hakuna."

"Kama sisi sote tumepiga magoti..." Mstari ulikuwa umebaki kipande cha ukucha. "Mama Yeremia. Kama hakuna mtu hapa..."

Leokadia alibonyeza hapana.

Skrini ilipepesa, ikatoa nyingine.

INAYOFUATA: FUNGA CHUMBA
NDIYO   HAPANA

Na mstari mpya, mrefu, ukaanza kufupika. Akabonyeza hapana tena. Skrini ikawa tupu. Juu ya kitanda bomba liliendelea kupumua kwa nguvu, na Holo alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona mmeniacha kwa Mtakatifu Mikaeli?"

Lubango alikuwa ameshika fremu ya mlango. "Alikuwa anapumua," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nilimsikia nikiwa kwa Mtakatifu Agatha. Alikoroma kidogo, nikasema moyoni, anatuitikia." Aligeuka kwa Leokadia. "Tangu lini unajua?"

"Tangu siku nilipomwosha."

"Ukanipa uji."

"Nilikupa uji."

Aliinua mkono, na Leokadia alifikiri anampiga, akabaki wima ampige. Lakini mkono ulikuwa unakwenda sikioni kwake mwenyewe. Alikuwa anasikiliza. Sasa wote walisikia. Kwenye mabomba, kutoka upande wa pili wa mwamba, kengele ya padre ilikuwa inalia tena. Ilikuwa Jumuiya ya Yosefu. Mzee wao mwenye homa, wamemwitia padre na yeye. Kengele ikanyamaza, na kupitia ukuta ukaja mshindo mzito, wa pamoja, wa magoti mengi yakipiga mwamba kwa mara moja. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

Kisha sauti za watu, mbali, zikaanza. Bwana, utuhurumie.

Mlango wa Yosefu ulikuwa mbali kwa miguu. Ukutani, kando ya kibodi, kulikuwa na mdomo wa shaba wa bomba la kuitia majirani, ule wa kutangazia maji na misiba. Sauti ikiingia pale inasikika jumuiya zote, chumba kwa chumba.

Leokadia aliunyooshea mkono.

Lubango alimtangulia. Aliung'oa mfuniko wake, na kwa kitambo alisimama tu, kanzu nyeupe, mdomo umekaribia shaba, anatafuta pumzi. Salamu Maria ya kwanza ilikuwa imeshapita.

"Hapa ni Katekista Lubango!" alipiga kelele, na sauti yake ikapasuka. "Simameni! Wote, simameni! Msipige magoti! Fumbueni macho mtazame skrini, bonyezeni hapana! Ndivyo nilivyomuua mama yangu, mnanisikia? Simameni!"

Upande wa pili wa mwamba litania iliendelea. Mtakatifu Maria. Utuombee.

"Simameni!"

Mtakatifu Mikaeli.

Nyuma yake, wanawake wa Monika walianza kuinuka, mmoja, kisha wengine, vitenge vikisuguana. Holo naye alijishika ukingo wa kitanda, akashusha miguu chini, akasimama akitetemeka kando ya mshumaa wake. Wote wakageuza nyuso ukutani, wakawa wanangoja kusikia wale wa ng'ambo watanyamaza lini.